Kura ya Mjomba Katika Vitongoji vya Mnara

Kila sifa njema ni ya Allah, aliyenijaalia kusafiri na kunirejesha salama kwa watu wangu. Mwezi wa Shaaban mwaka huu niliruzukiwa safari ya wiki mbili kwenda kumzuru mjomba wangu, mdogo wake mama, anayeishi mashariki ya jiji la London. Nilikwenda kwa ajili ya kuunga udugu, wala sikuwa na nia ya kuchunguza siasa za watu. Lakini nilifika wakati wilaya ile ikijiandaa kwa uchaguzi wa halmashauri utakaofanyika Alhamisi tarehe 7 Mei 2026, ndani ya Mfunguo Pili, na niliyoyaona yakanigusa mimi binafsi kuliko nilivyotarajia. Kwa kuwa yanaihusu misikiti yetu na jamaa zetu walioko ughaibuni, nimeona si vyema kukaa nayo peke yangu.

Wilaya yenyewe inaitwa Tower Hamlets, yaani vitongoji vya Mnara. Jina hilo limetokana na vijiji vidogo vilivyokuwa nje ya ukuta wa mji wa kale, kando ya ngome ya kifalme iitwayo Mnara wa London. Kama halmashauri, wilaya iliundwa mwaka 1965 kwa kuunganishwa maeneo matatu: Bethnal Green, Poplar na Stepney. Katika sensa ya mwaka 2021 ilikuwa na wakazi wapatao 310,000, na takriban watu 40 katika kila 100 walijiandikisha kuwa Waislamu. Hakuna wilaya nyingine ya Uingereza na Wales yenye sehemu kubwa kama hiyo ya Waislamu.

Mara tu utokapo kituo cha treni cha Whitechapel, ambacho jina lake limeandikwa pia kwa Kibengali, unakutana na soko la barabarani. Kuna bamia, mafenesi, samaki wa maji baridi kutoka Bangladesh, mitandio, na tende za kila aina. Isingekuwa baridi ile ya kuuma masikio, ungedhani umo katika mtaa wowote wa pwani yetu. Ng'ambo ya barabara, likilikabili soko, limesimama jengo kubwa la kale lililokuwa hospitali. Tangu mwaka 2023 ndilo makao ya halmashauri. Mjomba amepita mbele ya jengo hilo kila siku akiendesha basi. Nilipomuuliza kama amewahi kuingia, alicheka.

"Mwanangu, mle ni kwa wenyewe. Sisi ni wapita njia."

Maneno hayo niliyatia akilini.

Misikiti na milango yake

Ukielekea magharibi katika barabara hiyohiyo utaufikia Msikiti wa London Mashariki. Historia yake ni funzo kwa kila kamati ya msikiti. Mfuko wa kujenga msikiti katika jiji la London ulianzishwa mwaka 1910. Waislamu wa wakati ule walikuwa wachache, na wengi wao huku mashariki walikuwa mabaharia walioshushwa bandarini: Wabengali, Wayemeni na Wasomali. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kupata mahali pa kudumu hapa mashariki. Mwaka 1941, vita vikiendelea na mabomu yakianguka, msikiti ulifunguliwa katika nyumba tatu za kawaida zilizonunuliwa barabara ya Commercial. Miongoni mwa waliousimamia mfuko ule walikuwamo Abdullah Yusuf Ali na Marmaduke Pickthall, ambao tafsiri zao za Qur'ani kwa Kiingereza zimo katika makabati ya madrasa zetu mpaka leo. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1985, kituo cha jamii kikaongezwa mwaka 2004, na sehemu ya akina mama iitwayo Maryam mwaka 2013.

Niliswali Ijumaa hapo. Hotuba hutolewa kwa Kiarabu, Kiingereza na Kibengali. Safu zilijaa hadi ngazini, na niliona wazee wa Kisomali wamesimama bega kwa bega na vijana waliotoka katika mabenki ya Canary Wharf, maana maghorofa yale ya kioo na nyumba za mafukara zimo ndani ya wilaya hii moja. Ubavuni mwa msikiti lipo jengo lililokuwa sinagogi, ambalo msikiti ulilinunua mwaka 2015.

Hatua chache kutoka hapo, katika mtaa wa Brick Lane, kuna jengo lenye simulizi kubwa zaidi. Lilijengwa mwaka 1743 na Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbia mateso kwao. Baadaye likawa kanisa la Wamethodisti. Mwaka 1898 likawa sinagogi la Wayahudi waliokimbia mateso katika himaya ya Urusi. Mwaka 1976 likawa msikiti wa Wabengali. Juu ukutani ipo saa ya jua yenye mwaka 1743, na chini yake maneno ya Kilatini yenye maana kwamba sisi wanadamu ni kivuli tu. Kila jamaa iliyofika iliwakuta wengine wametangulia, ikachukiwa kwanza, kisha ikapata nafasi yake. Wala nafasi hiyo haikuja yenyewe.

Siku za uchaguzi zisizosahaulika

Ukishaupita msikiti, upande huohuo wa barabara, ipo bustani ndogo. Zamani palikuwa na kanisa jeupe lililoipa Whitechapel jina lake, nalo likaharibiwa kwa mabomu mwaka 1940. Sasa bustani inaitwa kwa jina la Altab Ali, kijana wa Kibengali aliyekuwa akishona nguo katika karakana za mtaa ule. Jioni ya tarehe 4 Mei 1978, akirejea nyumbani kutoka kazini, alivamiwa na vijana kwa sababu ya rangi yake, akachomwa kisu na kufariki. Siku ile ilikuwa siku ya uchaguzi wa halmashauri. Chama cha wabaguzi kilikuwa kimesimamisha wagombea wake katika kata za mashariki ya London, na kuta zilijaa maneno ya kuwataka wageni waondoke.

Siku kumi baadaye, maelfu ya watu waliandamana nyuma ya jeneza lake hadi ofisi ya Waziri Mkuu. Hawakuishia hapo. Vijana wale wa karakana walianza kujiandikisha kupiga kura na kugombea, na katika uchaguzi wa mwaka 1982 Wabengali wakaanza kuingia katika baraza la madiwani.

Kuna simulizi la pili ambalo binti wa mjomba, anayesoma chuo, alinieleza tukiwa ndani ya basi. Mwezi Septemba mwaka 1993, katika kata ya Millwall iliyo upande wa kusini wa wilaya hii, ulifanyika uchaguzi mdogo wa diwani. Mgombea wa chama cha wabaguzi, Derek Beackon, alishinda kwa tofauti ya kura saba. Saba tu! Watu wa kata ile walipigwa na butwaa. Misikiti, makanisa, vyama vya wafanyakazi na akina mama wakaenda mlango kwa mlango kuwahimiza watu wajitokeze. Uchaguzi uliporudi mwezi Mei mwaka 1994, mtu yule alipata kura nyingi kuliko mwanzo, lakini alishindwa, kwa sababu waliokuwa wamekaa nyumbani safari hii walitoka.

"Binamu," akaniambia yule binti, "familia moja kubwa ya kwetu ingetosha kuziba zile kura saba."

Nilimtazama mjomba aliyekuwa ameketi mbele yetu. Hakugeuka, lakini najua alisikia.

Ni vyema msomaji aelewe mambo yanavyokwenda. Wilaya ina kata 20 na madiwani 45, na kila kata huchagua diwani mmoja hadi watatu. Kwetu meya huchaguliwa na madiwani wenzake. Kule, tangu mwaka 2010, wananchi humchagua meya wenyewe kwa kura ya moja kwa moja, naye ana madaraka makubwa. Halmashauri ndiyo inayogawa nyumba za umma, inayosimamia maktaba, taka, huduma za wazee na mambo mengi ya shule. Ni halmashauri iliyoamua mwaka 2023 kwamba watoto wote wa sekondari hadi miaka 16 wapewe chakula cha mchana bure, baada ya wale wa msingi kuanza kupewa miaka iliyotangulia. Kwa nyumba ya mjomba yenye watoto wawili wa sekondari, uamuzi huo ni fedha halisi inayobaki mfukoni. Na nyumba yenyewe ni vyumba viwili vya kulala kwa watu sita, ukutani ukungu mweusi, na majina yao yamo katika foleni ya nyumba kubwa kwa miaka tisa.

Barua ya masheikh na barua yangu

Sasa nafika mahali ambapo safari hii ilinigeukia.

Meya wa kwanza aliyechaguliwa na wananchi mwaka 2010 ni Lutfur Rahman, Mwislamu mwenye asili ya Bangladesh. Alichaguliwa tena mwaka 2014. Wapiga kura wanne wakafungua shauri, na tarehe 23 Aprili 2015 mahakama ya uchaguzi ikaubatilisha ushindi wake kwa makosa kadhaa na kumzuia kugombea kwa miaka mitano. Polisi walichunguza, lakini hakufunguliwa mashtaka ya jinai. Mwaka 2022 aligombea tena na akashinda, na chama chake cha Aspire kikapata viti 24 kati ya 45. Wapo wanaompenda sana na wapo wanaompinga sana, Waislamu wakiwamo pande zote mbili, na mimi mgeni si hakimu baina yao.

Lililonishtua ni kosa mojawapo katika hukumu ile. Siku chache kabla ya kura za 2014, gazeti la Kibengali lilichapisha barua iliyotiwa saini na maimamu na masheikh 101 wakiwahimiza Waislamu wamchague mgombea huyo. Jaji aliona kuwa hilo lilikuwa shinikizo la kiroho lisilo halali. Sheria aliyoitumia ina mizizi katika karne ya 19, ilipotungwa kwa kuwaogopa mapadri wa Kikatoliki wa Ireland. Waislamu wengi walichukizwa na uamuzi ule. Walisema maaskofu nao hutoa maoni yao na hawaguswi, na kwamba jaji aliwafanya waumini waonekane kama watoto wasio na akili yao. Hoja hiyo ina uzito, na mimi nilikuwa tayari kuishika.

Lakini usiku ule sikupata usingizi, kwa sababu nilikumbuka barua yangu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, katika uchaguzi wa madiwani nyumbani kwetu, mgombea mmoja alituletea mazulia ya msikiti na vipaza sauti vipya. Kamati ilifurahi. Mimi nikiwa katibu niliandika barua ya shukrani, nikamsifu kuwa ni mtu mwenye kuijali dini, nikaipiga muhuri wa msikiti. Wiki iliyofuata nakala za barua ile zilikuwa mitaani, na watu wake wakisema, "Msikiti umeshachagua." Mzee mmoja wa safu ya kwanza, aliyekuwa akimuunga mkono mgombea mwingine ambaye naye ni Mwislamu mwema, alinijia baada ya Alasiri. Akaniuliza kwa upole, "Katibu, muhuri ule ni wako au ni wetu sote?" Nilimjibu kwa ukali kwamba shukrani si siasa. Tangu siku ile mzee yule anaswali msikiti mwingine, mwendo wa nusu saa kwa miguu yake mibovu. Jambo hilo sikuwahi kulitaja katika kikao chochote.

Barua ile haikuwa ya masheikh 101, ilikuwa ya katibu mmoja. Hakuna mahakama iliyonihukumu. Lakini nilitumia kitu cha watu wote kumsaidia mtu mmoja, kisha nikajificha nyuma ya neno shukrani. Qur'ani, katika Suratun-Nisaa aya ya 58, inatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe na kuhukumu kwa uadilifu. Muhuri wa msikiti ni amana. Na kura ya muumini nayo ni amana yake, ataulizwa yeye, wala hataulizwa imamu wake.

Nilipozungumza na waumini kule, walinieleza utaratibu unaofuatwa na misikiti iliyosajiliwa kuwa taasisi za hisani. Hairuhusiwi kuunga mkono chama wala mgombea. Inaruhusiwa kuwahimiza watu wajiandikishe, kueleza masuala yanayowagusa, na kuwaalika wagombea wote waje waulizwe maswali mbele ya watu. Niliona hekima ndani yake. Msikiti unaomwalika kila mgombea unawaogopesha wagombea wote. Msikiti uliokwisha kumchagua mmoja, huyo hana haja ya kuuogopa tena, na waliobaki hawana haja ya kuusikiliza.

Barua za kwenye droo

Siku tatu kabla ya kurejea, baada ya Magharibi ambayo kule wakati ule huingia saa kumi na moja jioni, tulikuwa tunakunywa chai. Mkaza mjomba alilalamika kuhusu ukungu. Mjomba akasema uchaguzi unakuja, labda watakaoingia watajali. Nikamuuliza atampigia kura nani.

"Kura gani? Mimi ni Mtanzania. Sheria yetu hairuhusu uraia wa nchi mbili, na pasipoti yangu siiachi. Kura ni ya raia wao."

Binti yake aliinuka bila kusema neno, akafungua droo ya kabati na kutoa rundo la bahasha. Zilikuwa barua za halmashauri ambazo hufika kila mwaka kuuliza nani anayeishi nyumbani humo na nani mwenye haki ya kupiga kura. Nyingi hazikuwa zimefunguliwa. Akafungua moja na kutusomea. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali wana haki ya kujiandikisha na kupiga kura, sawa na raia wa Uingereza. Tanzania imo. Kenya, Uganda na Rwanda zimo pia.

Mjomba alinyamaza kwa muda mrefu. Ameishi pale miaka 18, na kodi ya halmashauri amelipa kila mwaka. Mkewe akamwambia taratibu, "Baba watoto, miaka yote hii tumekuwa tunalalamika kwenye kuta."

Mjomba hakupenda kusemwa mbele ya mpwa wake. Alisema uchaguzi wa kule una fitina, kwamba Waislamu wenyewe hawapatani, kwamba hajui amwamini nani. Yote hayo ni kweli. Nikamjibu kwa adabu kuwa hata mimi sijui angemchagua nani, wala si kazi yangu kumwambia, na nikamsimulia habari ya muhuri. Nilikuwa sijamsimulia mtu yeyote. Alinisikiliza, kisha akasema, "Basi wewe una la kwenda kulifanya nyumbani, na mimi nina langu hapa."

Kesho yake asubuhi, kabla hajakwenda kazini, alimwita binti yake wakakaa pamoja kwenye kompyuta. Waliandika jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa na namba ya Bima ya Taifa. Haikuzidi dakika kumi. Mkaza mjomba akafuata baada yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una jamaa wanaoishi Uingereza kihalali, wakumbushe mambo machache. Mwisho wa kujiandikisha kwa uchaguzi huu ni tarehe 20 Aprili. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi hadi saa nne usiku. Tangu mwaka 2023 mpiga kura kituoni hutakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa. Asiye na kitambulisho chochote kati ya vinavyokubaliwa anaweza kuomba hati maalumu kwa halmashauri bila malipo. Ndugu zetu wa Burundi, Kongo na Oman, ambazo hazimo katika Jumuiya hiyo, waulize halmashauri zao kwanza kabla ya kujiandikisha, wasije wakaingia matatani.

Mimi nilirejea wiki ya mwisho ya Shaaban. Kabla ya kufungua sanduku la safari nilikwenda nyumbani kwa yule mzee. Nilimkuta barazani akitengeneza kiti. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi kwa barua ile na kwa jibu langu. Aliendelea kupiga msumari mpaka ukaingia, kisha akaniambia, "Mimi nilikusamehe zamani. Wenzangu je?"

Ijumaa ya kwanza ya Ramadhani nilisimama baada ya swala, kwa idhini ya imamu na kamati, nikawaomba radhi jamaa wote. Pia tumeandika katika daftari la kamati kwamba muhuri hautatumika katika barua yoyote kwa mgombea ndani ya mwaka wa uchaguzi, na zawadi ya mgombea haitapokelewa mpaka kura zihesabiwe. Wajumbe wawili walipinga, wakisema tutakosa misaada. Huenda ni kweli, na mabomba ya udhu yanavuja hadi leo.

Usiku wa tarawehe ya saba, nikihesabu safu kama ilivyo desturi yangu, nilimwona mzee yule amekaa mahali pake pa zamani.